Kimya cha Nyumba ya Mirontsy

Shoga zangu, na nyinyi wa ofisini mnaojifanya hamuulizi huku mnauliza, mmenichosha. Tangu filamu yetu ya Komoro ionyeshwe, sijaenda harusi wala msiba ambako sijashikwa mkono: "Hawa, hebu tuambie, pale kwenye hitima, ni nani yule anayelia karibu na maiki?" Nasema ni mimi. "Sasa ulikuwa unamlilia nani, na marehemu humjui?" Hapo nageuza mazungumzo, naulizia kanga mpya zimefika duka gani. Haikuwa kiburi, wallahi. Kulikuwa na roho ya mtu ndani ya jambo hili. Sasa wale Wazungu wa nguo nyeusi wameondoka visiwani, na ruhusa ya kusema nimepewa, kwa hiyo kaeni vizuri, nasimulia mara moja tu. Habari za vibali na mihuri nazivuka. Nani anataka kusikia habari za mihuri?

Meli ya vitunguu

Tulikuwa wawili. Kassimu mpiga picha mnamjua, mdomo wake huanza kufika kabla yake. Bibi yake alikuwa Mngazija wa Unguja, basi safari nzima alijifanya anakwenda kurithi ufalme. Mimi ni mnasa sauti. Katika kazi ya filamu za hali halisi, mnasa sauti ni kama mpishi wa shughuli: hakuna anayemkumbuka mpaka chumvi ikosekane.

Tulitumwa kuwapiga picha Wakomoro waliokuwa wakiishi Majunga, kule Bukini, yaani Madagaska, mpaka wengine walipouawa na waliobaki wakafukuzwa. Walionusurika walirudishwa visiwani mwaka wa sabini na saba, na wengi wao hata hawakuwahi kuviona visiwa hivyo. Hawajakaa wakatulia, mwaka uliofuata wakaja askari wa kukodiwa, Wazungu, wakaipindua serikali, na hawakuondoka. Sisi tulifika miaka michache baadaye, wao ndio wenye nchi, ingawa rais alikuwepo na picha yake ukutani.

Meli ilikuwa ya mizigo, vitunguu na saruji. Tuliambiwa inaondoka Jumatatu. Jumatatu ikapita, nahodha akasema anangojea kipuri, kisha ikawa anangojea mtu wa kufunga kipuri. Tukalala juu ya magunia, tukala vitunguu na mkate, tukanuka vitunguu mpaka Moroni.

Melini ndipo nilipoanza kurekodi, na Kassimu akaanza maneno yake. Kuna kitu sisi tunakiita kimya cha chumba. Kila mahali unapopiga picha, kabla hujaondoka, unawaomba watu wote wanyamaze, unazima kila kinachopiga kelele, na unanasa kama dakika moja hivi ya mahali penyewe pakiwa patupu. Maana hakuna kimya kinachofanana na kingine. Msikitini kina mwangwi, jikoni kina nzi. Mhariri akikata maneno ya mtu, hutia kile kimya katikati, na mtazamaji hajui kama kumekatwa. Kassimu akawatangazia mabaharia wote: "Mwacheni dada huyu, analipwa kurekodi hewa." Wakacheka. Nikamwambia, "Wewe picha zako mpaka zikasafishwe Ulaya ndipo ujue kama umepata kitu au umepata ukungu. Mimi hewa yangu naisikiliza sasa hivi."

Shikeni neno hilo, kimya cha chumba. Lilikaribia kumuua mtu.

Moroni

Meli kubwa hazifiki gatini Moroni. Zinatia nanga mbali, nanyi mnashushwa kwenye mashua pamoja na mizigo. Nilikumbatia rekoda yangu kifuani kama mtoto mchanga, maji yananirukia, Kassimu anapiga mayowe kwamba kamera kwanza, watu baadaye.

Mji umejengwa kwa mawe meusi ya mlima wa moto, msikiti mweupe umekaa kando ya maji. Mzuri, siwezi kusema uongo. Lakini kitu kilikuwa hakiko sawa, na siku ya kwanza sikujua ni nini. Watu walitukarimu, wakatupa chai ya mchaichai na mkate wa sinia, ule wa mchele, mtamu. Walicheka. Ila kila mtu alicheka kwa sauti ndogo.

Kesho yake nikavaa hedifoni sokoni. Ukivaa hedifoni na maiki ikaelekezwa mbele, unasikia kilicho mbali kabla ya watu wengine. Wauza ndizi wanabishana, mtoto analia, mtu anaita samaki. Halafu nikasikia, kutoka mwisho kabisa wa barabara, kelele zinazimika. Hazikuzimika zote kwa pamoja. Zilizimika duka baada ya duka, zikija upande wetu, kama mtu anayetembea akifunga milango. Wauza ndizi walio karibu yangu walikuwa bado wanabishana, kisha nao wakanyamaza katikati ya neno. Ndipo nikaliona gari. Jipu la wazi, Wazungu wawili waliovaa nguo nyeusi, na askari weusi nyuma. Hawakumtazama mtu. Walipita, na sokoni kukawa kimya kama maji ya mtungini, halafu nyuma yao kelele zikaanza kurudi, duka baada ya duka, mtu akimalizia neno alilolikata.

Nimenasa sauti mazikoni, nimenasa hospitalini, sijawahi kusikia kitu kama kile. Kassimu aliambulia picha ya watu waliofunga midomo, akalalamika kwamba haina kitu ndani.

Magoudjou: mama asiye na mtoto mkononi

Tulipata chumba mtaa wa Magoudjou, nyumba zimebanana, vibanda vya biashara mpaka mlangoni. Asubuhi nikafungua dirisha nikakuta kina mama wamejipanga foleni na watoto wao. Mtume! Kassimu akauliza, akarudi anajishika mbavu. Walikuwa wameniona sokoni na mashine masikioni wakasema daktari wa kike amekuja, daktari wa kusikiliza vifua. Nikawaeleza sivyo. Hawakusadiki. Mwisho nikachoka nikaanza kuweka maiki vifuani mwa watoto, nikiwapa mama zao hedifoni wasikie moyo wa mtoto unavyopiga. Basi ikawa furaha, na ndivyo tulivyopata watu wa kuhojiwa.

Wa mwisho kwenye foleni alikuwa mama mmoja mwembamba, hakubeba mtoto. Nikamuuliza, "Mtoto wako yuko wapi, mama?"

Akanijibu kwa Kiswahili safi cha Unguja, "Ndicho nilichokuja unieleze wewe, mwanangu."

Huyo ndiye Bi Zaliha. Baba yake alikuwa fundi cherehani Unguja, naye Bi Zaliha akaolewa Majunga, kisha akarudishwa Moroni na mwanawe mmoja, Saandi, baada ya mumewe kuuawa kule. Saandi akawa dereva wa lori bandarini. Siku moja Wazungu wa nguo nyeusi walimchukua na lori lake, apeleke mzigo mahali. Alirudi hakula. Mama yake akamuuliza, akasema, "Mama, bora usijue." Siku chache baadaye walikuja kumtafuta, na Saandi akawa hayupo tena. Hayupo kwao, hayupo kwa mama yake. Wako waliosema yuko baharini. Wako waliosema ameonekana kisiwa kingine. Wengi hawakusema.

Tulikuwa tumekaa kwake, na pamoja nasi alikuwepo shemeji yake, Mbae Ahamada. Mbae ndiyo heshima wanayompa mwanamume mkubwa huko. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka. "Mwambie, binti," alinigeukia mimi, mgeni, "mwambie asome hitima. Kila wiki wanakuja kupekua. Wanaona hatujamsomea, wanasema basi mnajua yuko hai, tuonyesheni. Wanangu hawapati kazi. Tukisoma hitima, na wao watasadiki amekufa, tutapumzika."

"Sisomi," Bi Zaliha akasema. "Nikisoma nimemzika kwa mdomo wangu mwenyewe. Mama gani anasoma hitima ya mtu ambaye hajaona maiti yake?"

"Basi tutaendelea kupekuliwa."

"Tupekuliwe."

Aliponisindikiza mlangoni alinishika mkono. "Mwanangu, mashine yako inasikia kuliko watu. Kila uendako, sikiliza. Saandi ana pumu tangu mdogo. Akipumua, kifua kinapiga mluzi, mwembamba, kama birika inayokaribia kuchemka. Hata acheke, hata alale. Mimi usiku nikiusikia mluzi ule najua nyumba ina mtu." Akasema pia kwamba nikifika kisiwa cha pili, Ndzuani, nimsalimie wifi yake, Bi Moinaesha, dada wa marehemu mumewe, anaishi Mirontsy. Naye alitoka Majunga, ana mengi ya kusimulia.

Niliitikia, mtu ungesema nini? Moyoni nilisema, maskini, mwanawe ameliwa na samaki.

Kuvuka Ndzuani

Chombo cha kuvukia kilikuwa na injini inayozimika kila ikikumbuka. Ikizimika, mbuzi wa watu wanalia. Ikiwaka, sisi ndio tunaotapika. Mama mmoja wa Ndzuani, amejifunika shiromani lake jekundu na jeupe, uso umepakwa msindzano wa manjano, alinilisha limau na shelisheli la kuchoma mpaka tumbo likatulia. Kassimu alizungumza naye lugha ya bibi yake. Mama akamsikiliza kwa adabu, akaniuliza mimi kwa ishara kama huyu bwana ni mgonjwa. Kumbe Kingazija cha Kassimu ni kimoja, na Kindzuani ni kingine. Nilicheka mpaka nikapona kichefuchefu.

Alipojua tunakwenda Mirontsy kwa Bi Moinaesha, mama yule akaacha kucheka. Akasema kitu, na Kassimu akaking'amua polepole.

"Anasema nyumba ile ina wenyewe."

"Wenyewe gani?"

"Majini, Hawa. Anasema redio haizimwi nyumba ile. Ikizimwa, wenyewe wanasikika juu darini. Watoto hawapandi. Mwenye nyumba anawapelekea chakula."

Mutsamudu tuliyasikia hayo hayo. Mji wa vichochoro, nyumba zimeegemeana, harufu ya karafuu zilizoanikwa, na ngome kongwe juu ikitazama bahari. Mwenye nyumba tuliyofikia alisema, muuza mkate alisema. Ajabu ni kwamba walisema wote kwa maneno yale yale, kama watoto waliokaririshwa. Kassimu akaanza kuvaa hirizi ya bibi yake juu ya shati.

Mirontsy

Nyumba ilikuwa ya mawe, nyembamba, ina dari ya boriti na ngazi ya mbao nyuma ya pazia. Na kweli, redio ilikuwa ikiimba sebuleni kwa sauti ya kukera. Jirani upande mmoja alikuwa akitwanga kinu, upande wa pili watoto wakisoma juzuu kwa kupiga kelele. Bi Moinaesha alikuwa mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kuita watu shambani. Kiswahili alikuwa nacho cha kuombea maji, mengine akamwambia Kassimu kwa Kingazija. Alitupokea vizuri mno.

Nikamwomba apunguze redio. Akacheka, "Redio haizimwi hapa." Hakuna mnasa sauti duniani anayekubali redio iwake nyuma ya maneno ya mtu, maana ukikata maneno unakata na wimbo. Lakini tulikuwa wageni. Tukamhoji uani, mbali na redio kadiri tulivyoweza. Alisimulia Majunga, mlango ulivyovunjwa, kaka yake alivyotoka kuwasemesha wale watu kwa upole na hakurudi. Alisimulia akichambua mchele, na hakuacha kuchambua hata mara moja. Kassimu alikuwa analia nyuma ya kamera, na mimi namlaani asipige kamasi ndani ya sauti yangu.

Kisha Kassimu akataka picha za sebule, mikeka, mlango wa kuchongwa. Haya. Na mimi nikatimiza kazi yangu.

"Bi Moinaesha, nakuomba kimya cha chumba. Dakika moja tu. Tuzime redio."

Akasema hapana. Nikasisitiza. Mnajua nilivyo kwenye kazi, nikishika nimeshika. Kassimu akamweleza kwamba maneno yake ya uani yatapita juu ya picha hizi za ndani, na bila kimya cha humu hayataunganika, kaka yake atakatika katikati. Hilo lilimgusa. Alitazama mlango wa nje, akatazama pazia. Akaenda mwenyewe, taratibu, akazima redio.

Kwanza nilisikia nzi. Bahari, mbali. Kisha kinu cha jirani kikaacha. Nikadhani amepumzika. Watoto wa juzuu nao wakaacha. Mtaa mzima ukanyamaza pamoja na redio ile, na hakuna jipu lililopita. Masikio yangu yakawa yananiuma kwa kimya.

Halafu juu ya kichwa changu, ndani ya hedifoni, kitu kikapiga mluzi.

Mwembamba. Ukaenda, ukarudi. Ukaenda, ukarudi. Nikasema moyoni, ya Rabbi, wenyewe hao, nikaanza Ayatul Kursi nikakosea mahali ambapo sijakosea tangu utotoni. Nikainua macho kwenye boriti. Nilipoyashusha, Bi Moinaesha alikuwa ananitazama. Uchangamfu wote ulikuwa umemtoka usoni. Alikuwa ananitazama kama mtu mzima anayengoja kuhukumiwa.

Ndipo nikaikumbuka birika.

Bi Moinaesha alichukua sinia la mchele akaliachia sakafuni. Lilipiga kelele hizo! Kassimu akaruka, "Ala! Imeharibika, turudie!" Mimi nikasema haraka, "Imetosha. Nimepata." Bi Moinaesha akawasha redio, na kabla wimbo haujakolea, kinu cha jirani kikaanza tena, na watoto wakaanza tena juzuu. Wote, jamani. Mtaa mzima ulikuwa unajua, na redio ilipozimwa walinyamaza kusikiliza kama hatari imeingia. Redio, kinu, juzuu, hata yale maneno ya majini niliyoyasikia tangu chomboni, yote yalikuwa pazia, limeshikwa na watu wengi, kila mmoja pembe yake. Nami nilikuja na mashine yangu nikaliomba lifunguliwe, kwa adabu, eti dakika moja.

Alituandalia ndizi mbichi za nazi na samaki. Akapakua sahani moja, akaifunika kwa kawa, akapanda nayo ngazi. Kassimu akaninong'oneza kwa hofu, "Ya wenyewe." Nikasema, "Ya wenyewe." Nikala chakula chote, sahani yangu na nusu ya Kassimu, ili yule mama aone kwamba sikusikia kitu. Chakula kizuri, na kilinishuka kama mchanga.

Kuagana, alinigusa sikio kwa vidole vyenye msindzano. "Mwenyezi Mungu akuhifadhie masikio haya," alisema. "Na mdomo."

Uwanjani Ouani

Sikumwambia Kassimu. Nampenda kama ndugu, lakini kumwambia Kassimu ni kumwambia redio.

Nilikaa na tepu ile mapajani mchana kutwa. Kuifuta ni kazi ya kubonyeza tu. Nikiifuta, kijana yule yuko salama na mimi niko salama. Lakini nitamwambia nini mama yake? Kwamba nilimsikia? Angenisadiki vipi, wakati kila aliyetaka kumfariji alimwambia mwanao kaonekana mahali? Kidole kilikuwa juu ya kitufe, nikakiondoa. Kisha nikakirudisha. Mwisho nikaifungasha katikati ya nyingine, nimeiandikia kama nilivyoandika zote: kimya cha chumba, Mirontsy.

Kurudi tulirudi kwa ndege ndogo. Uwanjani walikuwepo. Mmoja wa nguo nyeusi, mrefu, uso umeungua jua, mpole. Upole wake ndio ulionitisha. Alifungua mizigo kana kwamba anapanga nguo za mtoto. Filamu hakuzigusa, alijua kwamba akizifungua zinaungua. Tepu alizipanga mezani moja moja. Akaitoa ile. Akamuuliza Kassimu kwa Kifaransa, na Kassimu akanigeukia anacheka.

"Anauliza kimya cha chumba ni kitu gani. Anataka kukisikia."

Nikaifunga tepu kwenye rekoda, mikono inafanya kazi yenyewe kwa mazoea. Mzungu akavaa hedifoni zangu. Akafumba macho, kama afanyavyo mtu anayejua kusikiliza. Nikasema nimekwisha, na Saandi amekwisha, na Bi Moinaesha, na yule wa kinu.

Tepu ikazunguka. Pale pale, nyuma yetu, rubani akawasha injini ya ndege kuipasha moto. Mapanga yakanguruma mpaka meza ikatetemeka. Mzungu akakunja uso, akazibana hedifoni kwa viganja. Akangoja. Injini haikuzimika. Mwisho akazivua, akasema kitu akatabasamu.

"Anasema hamna kitu humu," Kassimu alitafsiri. "Anasema Waafrika wana pesa za kurekodi hewa. Si nilikuambia mimi?"

Siku nyingine ningemrarua. Siku ile nilimkumbatia Kassimu mbele za watu, akadhani nimerukwa na akili.

Magoudjou tena

Nyumba ya Bi Zaliha ilikuwa imejaa. Mbae Ahamada alileta wazee wa ukoo, wameketi, misahafu kwenye vitambaa, wamekuja kumshurutisha. Mlangoni alisimama kijana aliyevaa shati la kawaida na viatu vya kijeshi. Hakuna aliyemsalimu.

Bi Zaliha aliponiona alisimama. Hakuuliza kitu, kwa sababu ya yule wa mlangoni. Nikasema kwa sauti ya wote, "Wifi yako anakusalimu sana. Nimemrekodi. Ukipenda, msikilize." Nikamvalisha hedifoni, nikapiga magoti mbele yake na rekoda, nikageuza mgongo wangu kwa mlango ili uso wake usionekane.

Tepu ikaanza. Nilijua kila nukta ya kimya kile. Nzi. Bahari. Kinu kinaacha. Watoto wanaacha. Nilikuwa nayatazama macho yake, na nilijua wakati gani mluzi umeingia bila kuusikia. Hakupiga kelele. Midomo ilifunguka kidogo, na yeye mwenyewe akaanza kupumua polepole, anafuatisha. Anavuta pumzi pamoja naye, anashusha pamoja naye. Sinia likaanguka ndani ya tepu, akashtuka. Akanipa ishara ya kidole. Nikaurudisha utepe. Akamsikiliza tena mwanawe.

Alipozivua hedifoni machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka shingoni. Chumba kizima kilikuwa kinamtazama, na yule wa viatu alikuwa ameingia hatua moja ndani. Bi Zaliha akanishika kifundo cha mkono akakibana kwa nguvu ambazo sijui alizitoa wapi.

"Mbae," alisema. "Nimekubali. Someni hitima ya mwanangu."

Akaangua kilio. Si kilio cha kuigiza, wallahi. Wazee walidhani wifi yake amemletea habari ya kifo, wakasema inna lillahi, wakafungua misahafu. Mimi nikaelewa. Yeye aliyepekuliwa wiki baada ya wiki kwa kukataa hitima, amemsikia mwanawe anapumua, ndiyo kwanza anamsomea. Anamzika kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya mtu wa kupeleka habari, ili wale waache kumtafuta. Ndipo na mimi nikalia, tepu nimeshabadilisha na maiki iko wazi. Sasa mmejua.

Kassimu alipiga picha yote. Alipomaliza alisema ndiyo picha bora ya maisha yake, na ni kweli. Yule wa viatu alisikiliza mpaka dua, akapokea sahani ya pilau, akala, akaondoka. Tukiwa bado Moroni, hawakuja kupekua tena.

Kabla ya kupanda meli Bi Zaliha aliniomba kile kimya. Nikakikata kwa mkasi kutoka kwenye tepu, kipande kirefu cha utepe wa kahawia, nikamviringia kidoleni. Hakuwa na mashine ya kukisikilizia. Alikifunga kwenye pindo la leso. Nikamuuliza, mama, si dhambi ile hitima? Akasema, "Nilisoma Qur'ani, sikusoma uongo. Aliyesomewa Mungu anamjua."

Nyumbani

Mhariri ananigombeza mpaka leo: kimya cha Mirontsy kiko wapi? Nikasema kimeharibika. Akatia ngoma mahali pale, kama wanavyotia ngoma kila mahali wakikosa la kufanya. Ndiyo maana mkitazama, Bi Moinaesha anasimulia kifo cha kaka yake na nyuma kuna ngoma. Msinilaumu.

Kazi yetu yenyewe mnaiona ilivyo sasa. Filamu hainunuliwi tena, kamera ya Kassimu imefunikwa shuka kabatini, naye anapiga video za harusi na wimbo juu kwa juu tangu bibi harusi anatoka mpaka keki. Hakuna anayeomba kimya. Vijana wananiuliza kinasaidia nini.

Mwezi uliopita baharia mmoja aliniletea kaseti, ya kawaida, ile watu wa pwani wanayotumiana salamu. Imetoka Moroni. Nikajifungia chumbani, nikavaa hedifoni zangu za zamani. Hakukuwa na salamu. Kulikuwa na chumba. Nzi, gari la abiria likipita Magoudjou na watu wakiendelea kubishana kwa sauti kubwa wala hawanyamazi. Na karibu na maiki, mwembamba, ukienda ukirudi, mluzi wa kifua cha mtu aliyelala mchana kwao.

Ikapita kama dakika hivi. Kisha sauti ya mama mzee, kwa Kiswahili cha Unguja, anacheka kidogo asimwamshe.

"Hawa, mwanangu. Umesikia? Redio nimeizima. Sasa unaweza kuwaambia."